Mpira wa paa: mita chache zilizokuwa zikilowesha dagaa wa Rumonge

KANYOSHA, Bujumbura

Paa la Land Cruiser limelazwa kifudifudi juu ya mapipa mawili matupu, uani kwa fundi mmoja wa bodi hapa Kanyosha, kusini mwa jiji la Bujumbura. Gari lenyewe liko pembeni, wazi juu, kioo cha mbele kimesimama peke yake. Watoto wanaotoka shule wanasimama kutazama, na mpita njia mwenye haraka anaweza kudhani gari linakatwa liuzwe kama chuma chakavu. Kumbe linavalishwa mpira mpya wa paa, kazi ambayo mwenyewe ameisubiri tangu msimu wa mvua uliopita.

Mwenye gari ni mama mjane anayefanya biashara ya dagaa wakavu, ndagala kama wanavyoitwa huku, kati ya Rumonge na masoko ya Bujumbura. Gari aliachiwa na marehemu mumewe. Usiku mmoja wa masika alipakia Rumonge, mvua ikamkuta njiani kabla ya kufika Kabezi, na alipofungua mlango wa nyuma alfajiri alikuta magunia matatu ya upande wa kulia yamelowa hadi katikati. Dagaa aliyekaushwa akilowa tena hafai sokoni. Anaota ukungu, ananuka, na ukimwanika upya anavunjika kichwa na mkia. Magunia yale yaliishia kwa wafugaji wa kuku, kwa bei ambayo haikurudisha hata pesa ya mazutu.

Tangu siku hiyo alikuwa akifunika mzigo kwa turubai ndani ya gari lenye paa. Wenzake sokoni walimcheka, naye akacheka nao, lakini turubai halikumaliza tatizo. Maji yaliyotua juu yake yalikusanyika kwenye mikunjo, na gari lilipopinda kona yakamwagika kwenye gunia la pembeni.

Gari lililoundwa kuvuliwa paa

Ili kuelewa kwa nini gari hili linavuja ni lazima kujua lilivyoundwa. Ni Land Cruiser ya mfululizo wa 40, ule ambao Toyota ilianza kuutengeneza mwaka 1960 na kuuacha mwaka 1984, ilipoingia ile ya 70 ambayo wafanyabiashara wengi wa mpakani wanaijua kwa kuipanda. Kwenye gari la 40 kioo cha mbele kinaweza kulazwa juu ya boneti. Ili hilo liwezekane, paa halikuchomelewa kwenye fremu ya kioo. Limeshikwa kwa bolti. Vivyo hivyo mbavu za nyuma, zile zenye vioo vya pembeni, zimefungwa kwa bolti kwenye bodi, na paa limekaa juu yake kama mfuniko wa sufuria.

Kila mahali sehemu hizo zinapokutana kuna mpira. Chuma na faibaglasi havikai sawasawa vikigusana, hasa kwenye barabara mbovu ambako bodi nzima inajipinda kila gurudumu linapozama shimoni. Mpira ndio unaojaza nafasi inayofunguka na kufunga. Ukishakauka, paa linabaki mahali pake na bolti zimekaza, lakini maji yanapita.

Magari ya namna hii bado yapo Burundi, yakiwa kazini. Huko nje, Ulaya na Marekani, gari la 40 lenye paa zima na mifereji isiyooza ni mali ya watu wanaokusanya magari ya zamani, na mwaka 2021 Toyota yenyewe ilitangaza kwamba itaanza kutengeneza upya baadhi ya vipuri vyake. Hapa Kanyosha hakuna anayelitazama hivyo. Linatazamwa kwa idadi ya magunia.

Harufu ya siki

Fundi alipong'oa paa alikuta historia ya matengenezo yote yaliyotangulia. Juu kabisa silikoni nyeupe, chini yake silikoni nyeusi, halafu lami, halafu vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu vilivyokatwa kwa mkasi na kukunjwa mara mbili. Mpira wa asili ulikuwa umebaki kipande kimoja tu cha urefu wa kiganja, kona ya mbele kushoto, mgumu kama mkaa.

Hakuna aibu katika mpira wa ndani wa gurudumu. Kila fundi wa ukanda huu amewahi kuutumia. Tatizo lake ni kwamba ni bapa na hauna hewa ndani. Ukishabanwa hausukumi kurudi, na paa likiinuka milimita mbili kwenye tuta, haulifuati.

Silikoni ndiyo mbaya zaidi, na hapa fundi huyu ana msimamo mkali kuliko wenzake wa jirani. Aina ya bei rahisi inayonuka siki inapokauka hutoa asidi, na asidi hiyo hula chuma kisicho na rangi. Tena silikoni haizuii maji peke yake, huyafungia. Tone likishapenya chini yake halina pa kutokea, linakaa pale wiki nzima likifanya kutu. Na siku ukitaka kupaka rangi, rangi haishiki mahali silikoni ilipopita hadi uikwangue yote. Kwenye gari hili kukwangua peke yake kulichukua siku mbili, na chini yake kulikuwa na matundu manne kwenye fremu juu ya kioo, jingine la kupitisha kidole.

Kwa hiyo kabla ya mpira ilibidi kukata, kuchomelea, kusaga, kupaka rangi ya kuzuia kutu na kuacha ikauke kabisa. Ndiyo maana mafundi wanaojali hupendelea kazi hii ifanywe kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, Bujumbura inapokuwa kavu. Wateja huja Oktoba, mvua ikishawapiga.

"Raba ya paa" ya kwenye simu

Chuma kilipatikana Bujumbura bila shida. Mpira ndio uliosimamisha gari mwezi mzima, na kisa chake kinawahusu moja kwa moja wanaovusha vipuri.

Mama alimpigia simu mfanyabiashara mmoja anayeleta bidhaa kutoka Kigoma kwa njia ya Manyovu na Mugina. Njia hiyo inashuka Mabanda na Nyanza-Lac, inafuata ziwa hadi Rumonge, kisha inaingia Bujumbura kwa kupitia Kanyosha hii hii, kwa hiyo mzigo wa Kigoma unafika hapa kabla haujafika mjini kati. Agizo lilikuwa fupi: raba ya paa ya Land Cruiser. Mwenye duka huko naye alisikia Land Cruiser akafikiria ya 70, kwa kuwa ndiyo anayoiona kila siku. Zile za 70 zilizojaa barabara zetu zina paa la chuma lililochomelewa, hazina mpira wa paa wa kununua. Akatoa kinachofanana: mpira wa mlango.

Ulifika umezungushwa vizuri kwenye mfuko, mpya, ukinukia mpira. Haukufaa. Mpira wa mlango wa namna ile una mfereji wenye bati ndani unaong'ata ukingo wa bodi. Kwenye fremu ya kioo ya gari la 40 hakuna ukingo wa kung'atwa. Fedha zilikuwa zimeshalipwa, nauli imeshalipwa, na duka halikurudisha.

Sehemu ya kosa ilitokana na jina. Mjini Bujumbura, ambako lugha ya gereji imebeba Kifaransa kingi, kitu hiki huitwa "joint". Ukivuka kwenda Kigoma au Dar es Salaam utasikia raba, na wengine husema mpira. Majina yote hayo yanataja pia mpira wa mlango, wa kioo, wa boneti, hata ule wa injini. Neno peke yake halimfikishi mtu dukani.

Mara ya pili fundi alifanya lile ambalo lingefanywa mwanzo. Alichukua kile kipande kilichobaki, akakikata kwa wembe ili sura yake ya ndani ionekane wazi, akakibandika kwenye karatasi na kuchora mstari kukizunguka. Umbo ndilo jambo kubwa: kitako ni bapa au kina mfereji, uvimbe wa juu una tundu au ni mzima, mdomo unaelekea upande gani. Kisha akapima nafasi. Alifinyanga vidonge vya udongo laini, akavipanga juu ya fremu, akaweka paa, akafunga bolti kwa mkono tu, akafungua tena na kupima unene wa kila kidonge kilichobanwa. Upande wa kulia nafasi ilikuwa kubwa kuliko kushoto, na ndiko magunia yalikolowa. Mpira wa sponji unaofaa ni ule ambao ukibanwa kwenye nafasi hiyo unapungua robo hadi theluthi ya unene wake. Ukipungua kidogo kuliko hapo maji yanapita, na ukibanwa kupita kiasi unachoka mapema na kulisukuma paa juu.

Urefu aliupima kwa kamba, akaongeza nusu mita. Karatasi ile yenye kipande ikapanda basi.

Kuujua mpira dukani

Mnunuzi anayesimama mbele ya kaunta Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, ataonyeshwa mipira inayofanana kwa macho na kutofautiana sana kwa bei. Mingi iliyo rahisi ni plastiki ya PVC. Inang'aa, inafaa kwa kabati, na juani juu ya paa hukakamaa. Unaotakiwa ni mpira wa EPDM, ambao hustahimili jua na hewa kuliko mpira wa kawaida. Jina hilo wakati mwingine limechapwa kwenye lebo ya roli, wakati mwingine halipo kabisa.

Yapo majaribio ambayo hayahitaji lebo. Ubane kati ya vidole kwa dakika moja kisha uuachie: mzuri unarudi mara moja, mbaya unabaki na alama. Ukunje hadi ncha zikutane na utazame mgongo wake kama unafanya nyufa nyeupe. Kama ni wa sponji, omba kipande kidogo, kizamishe kwenye maji, kikamue humo humo mara kadhaa, kitoe ukifute kwa nje, kisha kikamue tena. Kikitoa maji, vijitundu vyake vimeunganika, na juu ya gari kitakunywa mvua na kuitunza karibu na chuma. Achana nacho hata kama umbo linalingana.

Jambo jingine ni la mzigo wenyewe. EPDM haipatani na mafuta. Ukisafirishwa kwenye gari moja na madumu yanayovuja dizeli au petroli, unavimba na kulainika. Wanaovusha mpira wautenge, na wauzungushe kwa duara pana, kwa sababu ukikunjwa kwa wiki mbili unashika mkunjo ule.

Kwenye meza ya forodha

Hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kile kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Burundi imo katika Jumuiya tangu Julai 2007, lakini mpira uliotengenezwa China, Japani au kwingineko haugeuki wa Tanzania kwa kuwa umenunuliwa Kariakoo. Unaingia kama bidhaa ya nje na kutozwa hivyo, hata ukiwa wa mita saba. Mfanyabiashara anayeukadiria kama unga wa mahindi au sabuni ya Kigoma anajikuta na hasara mpakani.

Ni vizuri pia kujua mpira unaandikwa wapi. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, mipira hii iko sura ya 40. Ulio kwenye roli na kuuzwa kwa mita kwa kawaida huangukia 4008, na ule uliokwisha kutengenezwa kama kizuizi cha kuziba, 4016.93. Wa PVC si mpira kabisa kwa forodha, ni plastiki, na mita zake zinaangukia 3916. Risiti inayosema tu "vipuri vya gari" inamwachia ofisa uamuzi wote. Risiti inayotaja aina, mita na bei inapunguza maneno.

Wale waliozoea kununua Kampala, kwenye soko la Kisekka, wana hesabu nyingine. Tangu Burundi ilipofunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, mzigo wa Kampala unaopita barabarani unalazimika kuzunguka kwa Mutukula na Tanzania hadi Kabanga na Kobero. Kwa roli moja la mpira hailipi. Kwa roli nyingi pamoja na vipuri vingine inaweza kulipa, ingawa anayeuza kwa faranga na kununua kwa shilingi anajua jinsi faida inavyoweza kuyeyuka kabla basi halijafika.

Kuuvalisha

Roli la pili lilipofika, kipande cha karatasi kikiwa bado kimefungwa nalo, fundi alilinganisha sura na sura, akatikisa kichwa kukubali, akamwambia kijana wake alete ndoo ya maji ya sabuni.

Sabuni ndiyo kilainishi chake. Wapo wanaopaka grisi ili mpira uteleze, nayo ni mafuta, inaula. Fremu ilifutwa kwa spiriti hadi kitambaa kikatoka cheupe. Mpira ulilazwa juani nusu saa ulainike na kusahau duara la roli.

Kijana alianza kwa kasi, akiuvuta unyooke. Fundi akamsimamisha. Mpira uliovutwa unaonekana umekaa vizuri siku hiyo, halafu wiki inayofuata unajirudi, na unapojirudi huacha pengo kwenye kona, mahali maji yanapopenda zaidi. Unatakiwa usukumwe kuelekea nyuma kidogo kidogo, kana kwamba unataka kuingiza mita moja na kidole kimoja ndani ya nafasi ya mita moja. Kwenye kona hakuukata. Aliupindisha kwa duara, akaubana kwa vibanio vya nguo hadi gundi ishike. Maungio yaliwekwa nyuma, kwa kuwa gari likikimbia mvuani upepo husukuma maji kutoka mbele. Ncha zilikatwa wima kwa wembe mpya, zikagusishwa kwa tone la supa gluu.

Paa lilirudishwa na watu wanne, wakilishusha wima. Ukiliburuta linaufinya mpira na kuupindua. Bolti zote ziliingizwa kwa mkono kwanza, kisha zikakazwa kwa zamu, mbele kushoto na nyuma kulia, kidogo kidogo, mizunguko mitatu. Fundi alipaka chaki juu ya mpira kabla, akafungua tena kutazama alama iliyoachwa kwenye paa. Mstari mweupe ulizunguka wote isipokuwa sehemu ya kiganja kimoja upande wa kulia. Pale aliweka kipande chembamba chini ya kitako cha mpira, akafunga upya. Jaribio la mwisho lilikuwa kwa noti chakavu ya faranga: inaingizwa kati ya mpira na chuma, inavutwa, na inatakiwa ikatae kidogo.

Mama alifika jioni. Fundi, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe wa kwanza, alimpa tochi na kumwomba akae ndani ya gari huku kijana akimwaga maji kwa mpira wa bomba, akianzia chini kwenye milango na kupanda taratibu. Wengi humwaga juu moja kwa moja, kisha hawajui tundu ni lipi. Milango ikawa kavu. Mbavu za nyuma zikawa kavu. Maji yalipofika mbele, mama akagonga bati: tone lilikuwa limeshuka karibu na mguu wa dereva.

Kijana alikata tamaa waziwazi. Fundi hakugusa mpira. Aliingia na tochi, akafuata mstari wa unyevu kwenda juu, akaukuta unaanzia kwenye bolti moja ya fremu ya kioo iliyokosa washa. Maji yalikuwa yakiingia pale, yakishuka ndani ya nguzo na kutokea chini, mbali na yalikoingia. Washa ya mpira ilikatwa kutoka kwenye ile raba ya mlango iliyokuja kwa makosa, na maji yakamwagwa tena kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

Kabla ya kukabidhi funguo alimwonyesha mama kichanja cha mizigo kilichokuwa juu ya gari, sasa kikiwa kimeegeshwa ukutani. Miguu yake inabana mfereji wa paa, na madumu ya mawese yaliyopakiwa pale kwa miaka ndiyo yaliyoupinda mfereji wa kulia na kuubana mpira wa zamani hadi ukafa. Alimwambia mzigo mzito ukae ndani. Mama aliuliza je, mzigo mwepesi. Wakakubaliana juu ya mikeka na vikapu vitupu, naye akataka kichanja kifungwe papo hapo, kwa kuwa safari ya Rumonge ilikuwa kesho yake saa tisa usiku.

Nusu mita iliyobaki ya mpira hakuichukua. Imetundikwa kwenye msumari juu ya meza ya fundi, na karatasi ile yenye mchoro imebandikwa chini yake, ikiandikwa kwa kalamu ya wino: 40, paa, mbele.